Muulize Senga: Mama hajasema hapana, ila simu zangu hachukui tena

Salaam Senga,

Safu yako nimeisoma miaka nikicheka shida za wenzangu, leo zamu yangu imefika. Jina langu usiliweke tafadhali, Bombo ni mji mdogo na mimi watu wananijua toka niko steji ya boda.

Mi ni broka wa mashamba na ploti. Nina miaka 34, mke, watoto watatu, wawili wako bodingi. Pikipiki niliuza 2019 nikaingia hii kazi na sijutii, kuna miezi tunakula vizuri na kuna miezi tunakunywa chai ya rangi, ndo kazi ilivyo, usipofunga dili huna mshahara.

Sasa mwezi wa pili bosi wangu akaniletea mnunuzi wa Kampala anayetaka ekari tatu zinazogusa barabara ya Gulu, kati ya Bombo na Wobulenzi, anataka kujenga stoo ya mahindi na sehemu ya kupaki malori. Nikazunguka wiki mbili nikaipata, tambarare, umeme unapita mbele, maji karibu. Mwenyewe ni mama mmoja mjane, miaka sabini na kitu, anaishi pale na mjukuu wake. Ana migomba, kahawa kidogo, nanasi, na kule nyuma makaburi ya ukoo.

Siku ya kwanza alinipokea vizuri sana Senga, akatandika mkeka, akanipa chai na mihogo, nikamweleza yote mpaka bei, akasikiliza kimya alafu akasema "haya mwanangu, nimesikia, utarudi siku nyingine." Nilitoka pale nikimpigia bosi kwamba mambo yameiva.

Nikarudi. Nikarudi tena na sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Kila nikirudi ananipokea, anaulizia watoto wangu, tukifika kwenye shamba anasema "tutaona" ama "Mungu akipenda." Mara ya tano mjukuu akaja getini akasema nyanya amelala, na mi niliona miguu yake pale jikoni. Nikasema labda amechoka. Nikaanza kupiga simu, namba nilipewa na fundi aliyemtengenezea bati, napiga labda mara nne kwa wiki, mwanzoni alikuwa anachukua sasa hachukui. Nikamtafuta kijana wake yuko Kampala, huyo alifurahi kabisa, akaniambia "endelea kumbembeleza, mama ni mgumu ila mwishowe atalegea, mi nahitaji hiyo pesa kabla sijaenda Dubai." Kwa hiyo nikaendelea, mtoto wa nyumbani ndo amesema.

Kosa langu nalijua. Kuna jumapili nilienda na savea na jipiesi yake tupime haraka haraka mama akiwa kanisani, mnunuzi alitaka kujua ukubwa kamili. Mama akarudi mapema akatukuta tumesimama upande wa makaburi. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye nyasi na gomesi yake nzuri ya kanisani, akatuangalia tu mpaka tukaondoka.

Wiki iliyofuata binti yake ambaye ni nesi alinitumia voisi kwa WhatsApp, kwamba presha ya mama imepanda, usiku analala taa inawaka, na nikikanyaga pale tena anaenda polisi. Chemani wa LC1, baraza la kijiji chetu, naye akaniita akaniambia kijana punguza.

Lakini Senga nisikilize na mimi. Kuna mzee wa Kikyusa alinikataa mara kumi. Kumi! Mara ya kumi na moja akauza, akajenga nyumba za kupangisha Wobulenzi, leo ananiita mwanangu na Idi iliyopita alinipa mbuzi. Ningekata tamaa mara ya tatu yule mzee angekuwa bado analalamika na shamba la mawe. Wahenga si walisema mvumilivu hula mbivu? Na huyu mama mpaka leo hajawahi kusema hapana, hata mara moja. Hata ukutani hajaandika haiuzwi kama wengine wanavyoandika. Sachi ya hati nilifanya ofisi ya ardhi Bukalasa, ni mailo, yaani ardhi ya mtu binafsi yenye hati ya kudumu, hati bado iko jina la marehemu mume wake, hakuna kaveati, yaani zuio lililoandikishwa.

Mnunuzi anasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Komisheni yangu hapo inalipa ada ya mwaka mzima na deni la duka. Nimefikiria nirudi mara moja ya mwisho na pesa taslimu aione kwa macho yake, ama niache. Nifanyeje?

Broka wa Bombo

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikasirika, sikufichi, nilipofika pale mama kakaa kwenye nyasi na gomesi yake nikaiweka simu pembeni nikaenda kuchochea moto. Ya pili nikaona kitu kingine, kwamba ile picha umeiandika wewe mwenyewe na hukulazimika kuiandika. Ungeweza kunidanganya na nisingejua. Kwa hiyo naongea na mtu ambaye tayari kuna kitu kinamsumbua, na ada ya shule peke yake haimsumbui mtu namna hiyo.

Kama nimekuelewa, unaniuliza mstari uko wapi. Kufuatilia kunaishia wapi na kusumbua kunaanzia wapi, maana kwa mzee wa Kikyusa ulirudi mara kumi na moja ukapewa mbuzi, na kwa huyu mama umerudi mara chache zaidi ukaitwa na chemani. Ukihesabu tu safari haieleweki kabisa, na mimi ningekuwa wewe ningechanganyikiwa vilevile.

Tuanze na hili neno lako kwamba hajasema hapana. Mimi nimelelewa Buganda, na katika umri wangu wote sijamsikia mwanamke wa rika lile akimwambia mgeni aliyekaa kwenye mkeka wake "sitaki, ondoka." Hilo neno halimtoki. Anakupa mihogo, anaulizia watoto, anasema tutaona. Wewe umekulia hapa, ukimwomba mjomba wako pesa akakujibu "Mungu akipenda" unaenda nyumbani ukijua hakuna pesa, huendi kumpigia bosi kwamba mambo yameiva. Sasa mbona kwa mama uliisikia tofauti? Sikulaumu, mtu mwenye njaa husikia sufuria hata kwa jirani. Ila hebu kaa chini uhesabu pamoja na mimi: tutaona, Mungu akipenda, mjukuu getini, simu isiyochukuliwa, kukaa chini kwenye nyasi, voisi ya binti, chemani. Ni mara ngapi alikujibu, ukalihesabu kuwa bado hajajibu?

Na huyu mzee wa Kikyusa. Hujaniambia alikuwa anakataa nini. Nauliza kwa sababu kuna watu wanakataa bei, wanakataa kulipwa nusu nusu, wanakataa kuhama kabla ya mavuno, na mtu wa hivyo hata akikufukuza mara kumi bado yuko sokoni na wewe, mnajadiliana kwa kelele tu. Shamba lake la mawe lilikuwa linamchosha, umesema mwenyewe. Je alikuwa anakupigia? Alikuuliza mnunuzi ni nani, ana kiasi gani, atalipa lini? Mama alikuuliza hata swali moja kuhusu pesa? Kwenye barua yako sikuliona. Maswali yake yote ni ya watoto wako.

Kuna jingine nimeligundua nikisoma mara ya pili. Kwa mzee ulirudi kwake yeye. Kwa mama, kila mlango ulipofungwa ulizunguka ukatafuta mwingine, fundi wa bati akakupa namba, kijana wa Kampala akakupa ruhusa isiyo yake, alafu mwisho ukaingia akiwa kanisani. Hiyo namba ya simu mama hakukupa yeye. Tuna sheria ya ulinzi wa data toka 2019, na mtu ana haki ya kukuambia uache kutumia taarifa zake kumtafutia biashara, lakini hata tukiiweka sheria pembeni fikiria anavyoisikia ile simu ikilia. Anajua ni wewe. Hajui uliipata wapi. Mtu wa miaka sabini akishindwa kujua umemfikiaje anaanza kujiuliza ni nani mwingine ndani ya nyumba yake anaongea na wewe, na kwa bahati mbaya jibu lipo.

Kuhusu ile jumapili umesema kosa unalijua, sitarudia. Ila sina hakika kama unajua uzito wake. Mama wa sabini na kitu hapo Luweero, vita vya msituni vya 1981 mpaka 1986 vilimkuta mtu mzima. Watu wa huko waliacha nyumba zao wakakimbia, wengine waliporudi walikuta majani tu, na kitu kilichowaonyesha kwamba hapa ndo kwetu mara nyingi ni hayo makaburi. Alafu ongeza redio. Toka 2017 tume ya Jaji Catherine Bamugemereire ilipoanza kusikiliza mambo ya ardhi, wazee wetu wamesikia hadithi za wajane waliopimiwa mashamba asubuhi na jioni wakaonyeshwa hati ya mtu mwingine. Wewe ulikuwa unatafuta ukubwa wa ekari tatu. Yeye aliona watu wawili na mashine wamesimama juu ya mume wake. Ndo maana taa haizimwi usiku.

Haya, na hii ya kurudi na pesa taslimu, hapa lazima nikuzuie kidogo kwa sababu hata kama kesho mama angeamka na kusema nipe, asingeweza kukuuzia. Wewe ndo ulifanya sachi Bukalasa, si mimi. Hati iko jina la marehemu. Kama mzee hakuacha wosia, familia inaanzia ofisi ya Administrator General, ile ya serikali inayoangalia mirathi, kupata barua ya kutokuwa na pingamizi, alafu mahakamani kuomba barua za kusimamia mirathi, na ndo baadaye mtu anaweza kusaini. Sheria ya mirathi ilivyorekebishwa 2022 mke anapata asilimia 20, watoto 75, na nyumba aliyokuwa anaishi marehemu na familia yake haiingii kwenye mgao huo. Kwa hiyo yule kijana wa Dubai anayekuambia endelea kumbembeleza, anauza kitu ambacho kwa sasa hana mkononi, na nesi naye ana sehemu yake na msimamo wake umeusikia kwenye voisi. Hapo hujaniambia kama kuna wenye kibanja ndani ya hizo ekari, yaani watu wanaokaa na kulima kwenye ardhi ya mwenye hati, maana kwenye mailo mwenye kibanja naye ana haki zake toka sheria ya ardhi ya 1998, na mwenye ardhi akitaka kuuza anatakiwa kumpa yeye nafasi ya kwanza. Mnunuzi wako anayajua haya yote? Mwisho wa mwezi haiwezekani, hata angekuwa mama mwenye hamu. Na pesa ya mtu ikiliwa na kijana akapanda ndege, polisi watamtafuta nani? Aliyemleta mnunuzi.

Sasa njia ulizonazo, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kuacha kabisa, leo. Futa namba, usipite hata kusalimia. Hiyo inampa mama usingizi haraka kuliko dawa yoyote ya binti yake. Mwiba wake ni kwamba unaondoka bila neno, na yeye hatajua umeondoka au umejificha, atakaa miezi akisubiri pikipiki. Na wewe utabaki unasikia kwamba broka mwingine kaenda, itakuuma, usijidanganye kwamba haitauma.

Unaweza kuomba msamaha. Hapa nilifikiri sana, kwa sababu nakujua, nyie mabroka hata msamaha mnaugeuza kuwa safari ya kumi. Ukienda mwenyewe umevunja alichosema binti. Labda kupitia kwa chemani, neno fupi tu, kwamba kijana amesema pole kwa ile jumapili, vipimo amefuta, mnunuzi ameambiwa shamba halipo sokoni, hatarudi wala kupiga. Ila lazima iwe kweli kabla chemani hajaisema, bosi awe ameshaambiwa, savea awe ameshafuta. Na usimtume chemani na sukari. Tena usiweke mkia pale mwisho, ile "lakini akibadilisha mawazo namba yangu anayo." Anayo, umempigia wiki ngapi?

Njia ya tatu ni ya kuongea na familia nzima, binti na kijana na mama wakae wote. Najua imekupitia kichwani kwa sababu kuna mabroka hapo ndo wanaposhinda. Inaweza kuwa ya haki kama wao ndo wameita kikao. Ukiiita wewe, unawasha moto kati ya watoto wawili ambao kwa sasa wanagombana kwa siri, na mama atakuwa katikati na presha yake. Mimi ningeiogopa hiyo kuliko zote, lakini wewe unamjua yule kijana zaidi yangu, pengine unajua na mambo ambayo hujaniandikia.

Na kuna hii ndogo ambayo nashangaa hukuitaja. Barabara ya Gulu ni ndefu. Mnunuzi anataka ekari tatu, umeme na sehemu ya malori, hakuandika kwamba anataka migomba ya huyu mama. Wako watu kuanzia hapo Bombo kwenda mbele wenye hati majina yao, wamechoka, wanadaiwa, watoto wameenda mjini, wanatafuta mtu wa kuwaletea mnunuzi na hawamjui. Wewe miezi yote hii umesimama kwenye geti moja. Ukimwambia bosi ukweli kwamba hii imekufa, hati haiko sawa na familia haitaki, atachukia siku mbili. Mnunuzi naye anaweza kwenda kwa broka mwingine, hilo linawezekana kabisa, na ada ya watoto itabidi uongee na shule ulipe kidogo kidogo, na mwenye duka naye. Sisemi ni rahisi. Chai ya rangi naijua.

Kuhusu ukuta. Umesema hajaandika kwamba haiuzwi, kama vile hiyo ni dalili nzuri kwako. Wale wanaoandika kwa rangi nyekundu wengi wao walishaumwa na nyoka, kuna aliyeamka akakuta wageni wanapima, kuna ambaye mtoto wake mwenyewe alichukua advansi. Mama hakuandika kwa sababu mpaka mwezi wa pili hakuwa na sababu ya kuandika.

Hiyo ya mvumilivu hula mbivu naiheshimu, mama yangu alikuwa akitusomea kila siku, ila alikuwa anaongelea embe la kwetu, si la jirani. Wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ulipewa jembe siku ile mjukuu alipokuja getini.

Sitakuambia uamue nini. Wewe ndo utakayekutana na mama huyo sokoni Wobulenzi, na wewe ndo utakayekaa mbele ya bosi. Ongea kwanza na bosi alafu niandikie alisemaje, na kama chemani amekubali kubeba neno lako. Na kitu kimoja nilitaka kukuuliza toka mwanzo nikasahau: huyo mjukuu aliyetumwa getini kusema nyanya amelala, ana miaka mingapi?

Senga wako